Vijiti vya kaa vya kwenye friza: ninavyovipika, na wapi usivitie kabisa

Jamani Ramadhani inakaribia na kila nikimpa mtu sambusa lazima aniulize habari za hivi vijiti vya kaa, vile vyeupe vyenye wekundu upande mmoja vinavyouzwa kwenye friza za supamaketi hapa Muscat, pale pale kwenye kamba na minofu ya samaki. Mi navipika sana, nshapitia vya bei ya chini na vya bei ya juu, na jibu langu ni kwamba nunueni, ni kitu kizuri, ila uvijue ni nini kabla hujawasha moto. Hao sio kaa. Ni samaki ambaye kashaiva na katiwa sukari kidogo, na ukimpika hivyo atakupa raha, lakini ukimpika kama kaa wa mikoko utamchukia bure.

Maana humo ndani kaa hayumo, au yumo kidogo sana kwa ajili ya harufu tu. Wanachukua samaki mweupe, mara nyingi poloki wa Alaska wa bahari za baridi kule juu, na vile vinavyotoka India na Thailand mara nyingi ni samaki wa maji ya joto wanamwita itoyori, wanamsaga, wanamuosha kwa maji tena na tena mpaka shombo na rangi vinatoka, kinachobaki ni nyama nyeupe isiyo na ladha yoyote, ndo hiyo inaitwa surimi. Alafu inatiwa chumvi, sukari, wanga na ute wa yai, inatandazwa nyembamba, inapikwa, inachanwa nyuzi nyuzi, inaviringishwa na kupakwa rangi nje. Wajapani ndo walianza miaka ya 1970, kampuni ya Sugiyo, na walikuwa hawamtafuti kaa kabisa, walikuwa wanajaribu kutengeneza konyeza wa bandia (yule mnyama wa baharini laini kama jeli), wakakuta kile walichokipata kinatafunika kama nyama ya kaa. Mi hilo nalipenda, manake linakuonyesha kwamba kilicho kizuri humu ni zile nyuzi, ladha ya kaa ni ya kuongezewa.

Sasa dukani. Geuza paketi usome nyuma, usiangalie picha ya mbele. Ikiwa kitu cha kwanza kuandikwa ni samaki au surimi, chukua. Ikiwa cha kwanza ni maji na kinachofuata ni wanga, rudisha, hiyo ukiitia kinywani ni kama ufutio wa shule na ukiipasha moto inakuwa uji wa kunata. Na sisi Waislamu tusome zaidi, kuna chapa zinatia mirin ambayo ni mvinyo wa mchele, na nyengine wekundu wake ni E120 ambayo inatokana na wadudu, wakati nyengine wanatumia paprika tu na hiyo haina shida. Zinazouzwa huku Ghuba nyingi zina alama ya halali lakini mtu aliyeko Ulaya au Marekani ananunua duka la kawaida asome kila mara. Mwenye mzio wa kaa na kamba naye asidhani yuko salama kwa sababu ni samaki, kuna chapa zinatia maji ya kaa wa kweli, na karibu zote zina mayai na ngano.

Na kwa anayekula kwa ajili ya kujenga mwili, kwenye gramu 100 utapata protini gramu 7 au 8 hivi na wanga kama gramu 15, kaa mwenyewe ana protini karibu gramu 18 na wanga hana. Mafuta ni kidogo sana, hilo zuri, lakini chumvi imo ya kutosha kwa hiyo ukipika usiongeze chumvi mpaka uonje.

Kuyeyusha ni kwenye friji usiku kucha, sio juani, sio maji ya moto. Ukifanya haraka kinatoa maji yote na kinabaki sponji. Kikishalainika toa ile plastiki (kila kijiti kina yake, angalia watoto wasitie na plastiki yake sufuriani), alafu tafuta ukingo wake kwa ukucha na ukifungue polepole. Kizuri kinafunguka chote kama mkeka, karatasi moja nyembamba nyeupe yenye mistari, na ukiivuta mistari inaachana nyuzi ndefu bila kukatika. Kibaya hakifunguki, kinamegeka vipande, na rangi inabaki vidoleni. Hapo umeshajua utapika nini, chenye nyuzi ni cha saladi na sambusa, kinachomegeka kisage kwenye katlesi za viazi na hakuna atakayejua tofauti.

Sambusa ndo mahali pake hasa. Mtu aliyewahi kula sambusa za kaa pale Dabaso, Watamu, kwenye ule mkahawa wa mbao juu ya mikoko ya Mida, anajua kaa ndani ya manda ni kitu gani, na hivi vijiti havifiki pale, nasema wazi. Lakini huku ugenini kwa futari ya siku ya kazi vinafika karibu. Paketi ya gramu 250 inatosha sambusa ndogo kama 20. Chambua nyuzi, zikate fupi, alafu zifunge kwenye kitambaa safi uzikamue, hapa usione uvivu kwa sababu yale maji ndo yanayopasua manda ndani ya mafuta. Kaanga kitunguu maji kingi kilichokatwa ndogo ndogo na thomu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari nzima iliyotwangwa na pilipili manga, kitunguu kikauke vizuri, ZIMA MOTO, ndo utie vijiti na kotmiri na ndimu. Sio kabla. Vimeshaiva kiwandani, moto wa pili wanaupata kwenye mafuta wakati manda inageuka rangi na huo unatosha kabisa. Ndimu iwe ya kusikika, nusu au hata nzima, manake ule utamu wa sukari bila ukali wa ndimu na pilipili unakinaisha ukifika sambusa ya tatu. Acha ipoe kabisa kabla ya kufunga. Chatne ya ukwaju pembeni na umemaliza.

Ya pili ni saladi na huku mikahawa mingi wanaiweka na embe, wanaikorogea mayonesi mpaka inaogelea. Mi naifanya kwa embe bichi, lile gumu la kula na chumvi na pilipili, nalikata nyuzi nyembamba sawa na nyuzi za kijiti, tango natoa mbegu zake, karoti kidogo, mayonesi vijiko viwili tu na sosi ya pilipili na ndimu. Changanya mnapokaa kula, ukiiacha nusu saa tango linatoa maji. Juu yake navunjavunja krispi za mhogo na hapo ndo inakuwa saladi, ule ukavu unaotafunika na ule ulaini vinakutana. Warusi wana ya kwao ya mahindi ya kopo, mayai ya kuchemsha, wali na mayonesi, hiyo inashibisha na watoto wanaipenda, nzuri ya kufungia mtu chakula cha shule asubuhi ikiwa shule ina friji.

Kimanda pia, nyuzi chache ndani ya mayai na kitunguu na pilipili boga, dakika mbili. Na wali wa kukaanga wa jana, tia mwisho kabisa. Haya hayana maelezo mengi.

Wapi usivitie: mchuzi wa nazi. Najua tunatamani, tui zito, bizari ya manjano, tukikumbuka kaa wa kupaka wa nyumbani. Lakini kaa wa kweli mchuzi wake unatoka kwenye gamba na yale mafuta ya ndani, hivi havina gamba wala mafuta, havitoi chochote kwenye mchuzi, na vikichemka vinafumuka vinakuwa nyuzi za kuelea na tui lote linageuka tamu kama la kupikia ndizi mbivu. Kuna mkahawa mmoja nliwahi kuletewa supu ya kaa ya bei ya kaa mwenyewe na ndani ni hivi hivi vijiti vimechemshwa mpaka vimepoteza rangi, niliumia, na sio pesa peke yake, ni kwamba kitu chenyewe kina mapishi yake mazuri na mtu kaamua kukidhulumu pamoja na mteja. Biriani vilevile usijaribu.

Basi vya samaki wa kwanza kwenye lebo mi navipa nyota 4 kati ya 5, vya wanga nyota 1. Ukishayeyusha usivirudishe kwenye friza vikiwa vitupu, weka kwenye friji kwenye chombo chenye kifuniko na umalize ndani ya siku mbili tatu, na sambusa zilizokwisha kufungwa zigandishe mbichi zikiwa hazigusani kwenye sinia, zikishakuwa ngumu ndo uzitie mfukoni, siku ya kukaanga zitoke friza moja kwa moja ziingie kwenye mafuta ya moto wa wastani.