Miaka mitatu ya kusomea ualimu kwenye chuo kidogo: uzoefu wangu

Darasa letu la Historia mwaka wa tatu lilikuwa na watu kumi na tisa. Naanza na namba hiyo kwa sababu karibu yote nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanatoka hapo.

Nilisoma Shahada ya Sanaa na Elimu, masomo ya kufundishia yakiwa Historia na Kiswahili, kuanzia 2020 hadi 2023, kwenye chuo kikuu binafsi cha kanisa huko nyanda za juu kusini. Jina lake nalihifadhi. Ndugu na majirani wenye vijana waliomaliza kidato cha sita hunipigia simu kuuliza kama pesa ile ilikwenda pazuri, na kila mmoja hupata jibu tofauti kulingana na nilivyoamka siku hiyo. Acha niandike mara moja.

Ukweli ni kwamba sikwenda kwa mapenzi. Nilikuwa na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikaomba sheria kwenye vyuo viwili vya serikali dirisha la kwanza la maombi, nikakosa kote. Kwa ualimu wa sanaa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inataka prinsipo mbili (ufaulu kamili katika masomo mawili ya kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, mimi nilikuwa nazo na chenji inabaki, hivyo dirisha la pili nikajaza chuo hiki bila kukijua. Baba yangu, mkulima wa korosho Newala, hakuuliza ada wala umbali. Aliuliza, "Hakitafungwa katikati?" Alikuwa bado anakumbuka mwaka 2017, TCU ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, habari aliyoisikia redioni. Kwake chuo binafsi kilikuwa kama duka la kukodi, mwenye nyumba akiamka vibaya mnatolewa.

Nilipita Masasi, Tunduru, Songea, nikafika na mashati mawili ya mikono mifupi. Baridi ya kule sitaieleza. Atakayekwenda anunue koti kabla, mitumba ya kule wanajua bei ya mtu anayetetemeka.

Sasa chuo chenyewe. Kitu nilichokipata pale ambacho sidhani ningekipata kwingine ni kusimama mbele ya watu. Mwaka wa kwanza muhula wa pili tulianza kufundishana wenyewe kwa wenyewe: unaandaa andalio la somo, unapewa dakika ishirini, wenzako wanakuwa wanafunzi wa kidato cha pili na wanajifanya watukutu kuliko watoto halisi, mhadhiri anakaa nyuma. Mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia alikuwa mama mmoja mpole wa sura, mkali wa kalamu. Mara yangu ya kwanza nilijaza ubao mzima kuhusu biashara ya utumwa, mwandiko safi, vichwa vya habari nimevipigia mstari. Nilipomaliza akasema, "Umeufundisha ubao vizuri sana, mwanangu. Hawa wengine utawafundisha lini?" Nikarudia wiki iliyofuata. Nikarudia tena. Mpaka namaliza chuo nilikuwa nimesimama mara kumi na nne, nilikuwa nahesabu nyuma ya daftari.

Rafiki yangu niliyesoma naye Advansi alichukua shahada hiyohiyo kwenye chuo kikubwa cha serikali. Darasa la mamia, mhadhiri na maikrofoni, waliokaa nyuma wanasikia mwangwi. Yeye alisimama mara moja, dakika tano, miaka yote mitatu. Alinizidi mengi, maktaba yao tu unaweza kupotea ndani, lakini alipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha alinipigia simu usiku wa Jumapili kuuliza azimio la kazi linajazwaje.

Ubaya wa uchache ni kwamba hakuna pa kujificha. Ukikosa kipindi asubuhi, mchana mpika maandazi wa kantini anakuuliza kama umepona. Ukipata sapu, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, vimbweta vyote (mabenchi ya kusomea nje) vinajua kabla yako. Nimeona mtu akibadilisha njia ya kwenda bwenini kwa sababu ya matokeo ya somo moja.

Mazoezi ya kufundisha yalikuwa wiki nane, mara mbili. Mimi nilipangiwa shule ya kata moja mkoani Ruvuma, si mbali na Songea mjini. Kidato cha tatu, mkondo mmoja, watoto sabini na wanne. Shule za kata nyingi zilizaliwa na MMES, mpango wa serikali wa elimu ya sekondari ulioanza 2004, na tangu elimu bila ada iingie 2016 madarasa yamefura, kwa hiyo sabini na wanne hao hakuna mwalimu pale aliyewaona wengi. Mada ilikuwa upinzani wa Waafrika dhidi ya ukoloni, Maji Maji, 1905 hadi 1907. Nilifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Kimya. Nikauliza swali, kimya. Watoto wa Songea, mji ambao kila Februari 27 unawakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, wenye makumbusho ya vita hiyohiyo, wananitazama kama nasoma tangazo la zabuni.

Nyuma ya darasa amekaa msimamizi wangu kutoka chuoni na fomu yake. Nikaona heri nusu shari. Nikauliza kwa Kiswahili: nani nyumbani kwao husimuliwa habari hizi? Mikono ikapanda. Binti mmoja akasimama akasimulia alivyosikia kwa bibi yake, kuhusu dawa ya maji, kuhusu walivyofungwa na jinsi njaa ilivyokuja baadaye kuliko risasi, wakati mashamba yalipochomwa. Darasa zima likaanza kumsahihisha na kumwongezea. Kengele ililia tukiwa bado.

Msimamizi alinikata alama kwenye kipengele cha lugha ya kufundishia. Fomu ni fomu. Kisha tulipokuwa tunakunywa chai ofisi ya walimu akamwomba mwalimu wa taaluma amwite yule binti, akamketisha, akamsikiliza tena tangu mwanzo. Na tuliporudi chuoni lile suala la lugha likawa mjadala wa vipindi viwili katika sosholojia ya elimu, mfano ukiwa mimi, kwa jina. Msimamizi yule alikuja mara tatu katika wiki nane, na kila mara alikaa kipindi kizima. Wenzetu wa vyuo vikubwa pale shuleni walitembelewa mara moja, wengine dakika kumi na gari linaunguruma nje. Siwalaumu wahadhiri wao, ukiwa na mamia ya kuwazungukia utafanyaje.

Hapo ndipo sifa zinapoishia.

Chuo kidogo kina walimu wachache, na mmoja akiondoka ukuta unaanguka. Muhula wa kwanza mwaka wa pili mhadhiri wa isimu alipata kazi chuo cha serikali, akaaga Jumatatu, Ijumaa hayupo. Akatafutwa wa muda kutoka mkoa mwingine. Alikuwa anafika Ijumaa jioni, anafundisha mpaka Jumapili, anaondoka. Fonolojia ya wiki kumi na tano tukaisoma wikiendi nne. Madesa, yaani nakala za masomo, aliyotuachia yalikuwa fotokopi ya fotokopi, alama za kifonetiki zimegeuka madoa. Nilipata C. Leo nafundisha sarufi kwa kujisomea upya usiku.

Waliotaka Jiografia ilikuwa mbaya zaidi. Walikuwa sita. Mwanzoni mwa mwaka wa pili wakaambiwa wabadilishe somo kwa kuwa hawatoshi. Tangazo la udahili waliloliona lilikuwa na Jiografia, tena imeandikwa kwa wino mzito.

Na upande wa sayansi ya jamii wenyewe, nje ya ualimu, ulikuwa mwembamba. Stadi za maendeleo tulisoma vizuri, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tuliipitia aya kwa aya na kubishana mpaka saa za chakula. Lakini mbinu za utafiti? Programu ya kuchambua takwimu ilifundishwa ubaoni. Mwalimu anachora jedwali kwa chaki, anasema "hapa ukibofya litatokea dirisha," sisi tunaandika "dirisha." Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine ishirini, siku njema zinawaka kumi na moja. Utafiti wangu ulihusu wanafunzi wa shule za kutwa wanaopanga vyumba karibu na shule, mageto tunayoyaita, kwa sababu kwao ni mbali. Nilihoji watoto ishirini na wawili, mambo niliyoyasikia yalistahili uchambuzi bora kuliko asilimia nilizopiga kwa kikokotoo cha simu. Wenzangu wachache waliosoma sosholojia tupu bila ualimu walikuwa wanashirikiana nasi mhadhiri mmoja kwa nusu ya kozi zao.

Jambo jingine dogo, ila kwa wengine kubwa. Mimi ni Mwislamu. Hakuna aliyenilazimisha ibada, hilo niliseme wazi, na kasisi wa chuo ndiye aliyenipa blanketi langu la kwanza. Lakini ratiba ilipangwa kana kwamba Ijumaa saa saba ni saa ya kawaida. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa nachagua kati ya kipindi na msikiti wa mjini. Mwaka wa pili CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, binti wa Kilutheri, alikwenda mwenyewe ofisi ya taaluma, kipindi kikahamishwa. Ilichukua dakika kumi. Nilijilaumu kwa kutouliza mapema.

Pesa. Ada ilikuwa zaidi kidogo ya milioni moja na laki tatu kwa mwaka. Bodi ya Mikopo ilinilipia sehemu, nyingine baba, na bumu, yaani pesa ya kujikimu, lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, yaani 510,000 kwa kila siku sitini, mpaka lilipopandishwa kuwa 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Sehemu ya baba ilitegemea mnada wa korosho. Mwaka wa pili malipo ya chama cha msingi cha wakulima yalichelewa, mitihani ya muhula ikafika, na bila kumaliza ada hupewi kibali cha mtihani. Dirisha la uhasibu lilinijibu kwa lugha ambayo sitaiandika. Basi nikapanda ngazi mpaka ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili. Saa nne akatoka, nikamwamkia.

"Wewe si yule wa kubishana Kiswahili na Kiingereza?"

"Ndiyo, mzee."

"Baba anafanya shughuli gani?"

"Korosho."

"Wameshauza?"

"Wameuza, hawajalipwa."

Akaingia ndani, akarudi na karatasi ya makubaliano imeshasainiwa. Nilifanya mitihani yote. Pesa ya baba iliingia siku tisa baada ya mtihani wa mwisho. Sijui ni chuo gani kikubwa ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili angefika kwenye benchi lile. Ila najiuliza pia: asiyejulikana, mnyonge wa maneno, aliyeishia dirishani siku hiyo, alifanyaje? Maana walikuwepo, na wawili hawakurudi.

Ajira. Usaili wa walimu wa Januari 2025 nilifanya, mtihani wa mchujo sikupita. Mfumo wa maombi hauulizi chuo chako ni kikubwa au kidogo, kwa hiyo hapo sina cha kulalamikia. Kwenye shule binafsi ndiko nilikokutana na "Chuo gani hicho?" Mkuu wa shule ninayofundisha sasa aliniuliza hivyohivyo, tena mara mbili. Kisha akanipa chaki na kidato cha kwanza, somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, akasema nifundishe anione. Somo hilo ni kwa Kiswahili. Nilianza kazi Jumatatu.

Kama ni kutoa alama kwa mtindo wetu: walimu wa elimu na mazoezi ya kufundisha nawapa A bila kusita. Historia B+. Isimu C, na ile C ni ya huruma. Utafiti na kompyuta, sapu.

Ukitaka kwenda chuo cha aina hii, kwenye maonesho ya TCU pale Mnazi Mmoja utapewa kipeperushi chenye picha ya majengo. Wewe uliza kitu kimoja: katika masomo yangu mawili, walimu wa kudumu ni wangapi, na waliokuwepo mwaka juzi bado wapo? Wa mezani wakijikanyaga, tafuta namba ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Na uliza somo lako lina wanafunzi wangapi, usije ukawa wa sita.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, anataka sosholojia, aje afanye utafiti. Nimemwambia akapambane na vyuo vikubwa, huko kwangu asikanyage. Angetaka ualimu ningekuwa nimeshamnunulia koti.