Ditekta ya mtumba katika udongo wa Kahe: msimu mmoja, kifungo kimoja cha sare

Ditekta ninayoielezea hapa, yaani mashine ya kutafutia vitu vya metali ardhini, niliinunua Arusha, katika duka dogo lisilo mbali na Mnara wa Saa, kwa shilingi 450,000, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba "inaona dhahabu mita tatu chini ya ardhi". Haioni. Ditekta ya aina hii, yenye sahani moja (ile duara inayopitishwa juu ya ardhi) na masafa ya chini, ikikitambua kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti kwenye kina cha sentimita 20 imefanya kazi yake, na mimi kina hicho kilinitosha, kwa kuwa sikuinunua kwa ajili ya dhahabu wala zile rupia, sarafu za enzi ya utawala wa Mjerumani, ambazo kila kijana wa Moshi ameshaambiwa kwamba zina mnunuzi wake Dar es Salaam. Nilikuwa nikitafuta vifungo vya sare za askari.

Baba yangu mdogo analima mahindi Kahe, kusini mwa Moshi, katika tambarare ambayo tarehe 21 Machi 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vikosi vya Afrika Kusini na India, chini ya Jenerali Jan Smuts, vilipambana na jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wapiganaji wake wengi walikuwa askari Waafrika. Kilichogombewa kilikuwa kituo cha reli ya kutoka Tanga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayechimba kutafuta mabaki ya kale awe na leseni. Ndiyo maana sikuisogeza mashine karibu na handaki, kaburi wala jengo la zamani, bali nilibaki katika udongo wa juu ambao trekta limekuwa likiupindua miaka nenda miaka rudi, kwa ruhusa ya mwenye shamba na kwa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Udongo ndio utakaokuamulia kama mashine hii inakufaa. Nilipoijaribu kwanza nyumbani Marangu, kwenye udongo mwekundu wa volkano wenye madini mengi ya chuma, ililia mfululizo kama mtoto aliyeachishwa ziwa, hata mahali ambapo hapakuwa na kitu, kwa sababu haina kitufe cha kuisawazisha na ardhi, yaani kuifanya isiyajali madini ya udongo wenyewe: kipimo chake kiliwekwa kiwandani, na kiwanda hakikuwaza mlima wetu wa Kilimanjaro. Kule Kahe ilitulia. Hata hivyo sehemu za tambarare hiyo zina chumvichumvi, na udongo ukishalowa mlio unaanza kuyumba tena, kwa hiyo kazi yote niliifanya wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mabua yakiwa yamekwisha kuondolewa.

Tatizo lingine ni vizibo. Kizibo cha soda kilichotengenezwa kwa bati hutoa mlio mzuri wa kudanganya, na kipande cha sufuria ya alumini husomeka karibu sawa na shaba nyeupe. Kwa siku nne nilikusanya vizibo vya kujaza kopo la kimbo, misumari, na nusu ya kijiko. Jirani mmoja, mzee ambaye kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, alikuwa akijibu marahaba na papo hapo kuuliza, "Mwanangu, ile mali ya Mjerumani bado hujaifikia?"

Kifungo kilipatikana siku ya tano, kiasi cha kiganja kimoja chini, na mlio wake haukuwa mkali kama wa kizibo bali ulikuwa mfupi, wa duara, ukirudi vilevile nilipozungusha sahani kutoka upande wa pili. Hapo ndipo ninapoisifu mashine: ukishaizoea, sauti yake ni mwaminifu kuliko namba za kwenye kioo. Kilitoka kikiwa donge la udongo lenye kijani pembeni.

Nawaomba wenzangu wasikisugue kifungo cha namna hiyo kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua vyombo vya shaba, kwa sababu asidi ya ndimu huondoa ngozi ya juu pamoja na mchoro wenyewe. Nilikiloweka katika maji safi, nikachokonoa udongo kwa njiti, nikakiacha kikauke kivulini. Kwa lenzi ya sonara niliyoinunua shilingi 15,000 niliona simba upande mmoja, farasi mwenye pembe upande wa pili, ngao katikati na taji juu: nembo ya ufalme wa Uingereza, ambayo askari wa kawaida wa vikosi vingi waliivaa vifuani. Matao ya taji yalikuwa ya mviringo, bila kubonyea katikati, na taji la namna hiyo lilitumika tangu 1902 hadi 1952. Lile lililobonyea ni la enzi ya Malkia Elizabeth. Nyuma palikuwa na kitanzi, ambacho katika sare za kaki za nchi za joto kilishikwa kwa pete ndogo ya waya ili kifungo kitolewe nguo inapofuliwa, na kukizunguka palisomeka neno Birmingham, mji uliotengeneza vifungo vya jeshi kwa wingi. Jina la kampuni, ambalo pengine lingeipunguza miaka hiyo hamsini, limeliwa na kutu. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kilidondoka siku ya vita vya Kahe. Huenda kilivaliwa na mtu aliyepita hapo miaka ishirini baadaye.

Betri zinadumu, mkono wa mashine ni mwepesi, na spika yake inasikika vizuri bila kuvaa visikilizio. Kwa mtu wa Kahe, Mabogini au Himo chini, bei hiyo si ya kulalamikia. Mtu wa Kibosho au Machame, kule juu kwenye udongo wa mlimani, ahifadhi fedha yake mpaka apate yenye kitufe cha kusawazisha. Nilipopita dukani mwezi uliopita palikuwa na nyingine mbili. Ukienda, mwombe muuzaji atoke nayo nje na kuiwashia juu ya udongo, si juu ya kaunta ya mbao.