Siku nzima na matofali ya zamani ya Lubumbashi: uzoefu wangu na ziara ya kuongozwa

Mimi ni fundi mwashi, naishi Kamalondo, mtaa mmoja wa Lubumbashi, Kongo, na kazi ya matofali nimeishika tangu nina miaka kumi na tisa. Oktoba iliyopita, jakaranda zimechanua na mvua bado haijaanza, nililipia ziara ya siku moja ya majengo na maeneo ya kihistoria: asubuhi mjini, mchana Shilatembo, mahali alipouawa Lumumba. Dola 25 kwa kila mtu, gari ndani yake, chakula unajinunulia. Nilikwenda na kijana ninayemfundisha kazi. Aliyetuongoza ni mama mmoja anayefanya kazi hii peke yake, hana ofisi wala kibao, watu hupeana tu namba yake. Tulikuwa sita.

Nilikuwa na swali langu. Nataka kujua kwa nini kuta zilizojengwa kabla babu yangu hajafika mjini bado zimesimama, na zile ninazoitwa kuzirekebisha zinaanza kumeguka tena baada ya masika mawili au matatu.

Tulianzia katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, na 1911 tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière likaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Katedrali ilikuja kama miaka kumi baadaye. Nilidhani tutaendelea hivyo hivyo na tarehe mpaka jioni. Mama akatuuliza: udongo wa matofali haya ulitoka wapi? Kijana wangu akajibu kabla hajamaliza: kwenye kichuguu. Hapa kwetu hata mtoto anajua. Mchwa huchambua udongo na kuupandisha ule laini, wenye kushikana, na mtu anayetaka kuchoma matofali hutafuta kichuguu kwanza, kuni baadaye.

Kutoka hapo tulikwenda Makumbusho ya Taifa, jirani na jumba la zamani la michezo ya kuigiza, kazi ya msanifu Claude Strebelle wa miaka ya 1950. Mimi macho yangu yaliishia kwenye misalaba ya shaba. Wahunzi wa Katanga wa zamani waliyeyusha mawe ya kijani ya malakiti, wakamimina shaba kwenye kalibu, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha na kama mahari. Na tanuri zao walizifinyanga kwa udongo wa kichuguu. Nimeishi na udongo huo mikononi maisha yangu yote, sikuwahi kuambiwa kwamba ndio uliozaa shaba ya wazee wetu kabla ya mzungu yeyote kuleta bomba la moshi. Kwa saa hiyo moja tu ningelipa zile dola zote.

Sinagogi tuliliona kwa nje. Lilijengwa kuelekea 1930 na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, na rabi Moïse Levy alilihudumia tangu 1937 mpaka 1991. Jengo jingine tuliloahidiwa kuingia hatukuingia: mlinzi alitaka karatasi ya ruhusa na karatasi haikuwepo. Tulisimama juani karibu dakika arobaini. Jambo hilo linapaswa kushughulikiwa siku moja kabla, wageni wasisubirishwe getini.

Sasa niseme kuhusu nyumba ambayo sitaitaja ilipo, kwa sababu kuna mtu anaishi ndani. Ni nyumba ya matofali yenye baraza pana, imeinuliwa juu ya msingi wa mawe, paa la mabati linashuka mpaka karibu ufikie kwa mkono. Mwenyewe, mzee aliyestaafu, alitukaribisha uani na kutuwekea viti. Mama akatupeleka kwenye ukuta wa nyuma. Sehemu ya chini, mpaka usawa wa kiuno, fundi fulani alikuwa ameziba viungo vyote kwa saruji. Matofali ya sehemu hiyo yalikuwa yameliwa uso, yamerudi ndani kiasi cha kina cha kidole, na mistari ya saruji imebaki nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Unga mwekundu umelundikana chini, na juu yake ukungu mweupe wa chumvi.

“Papa, gusa hapa juu,” akaniambia.

Juu, viungo vilikuwa vya zamani: rangi ya maziwa yaliyochujuka, laini. Nilikwaruza kwa ufunguo, ikatoka chokaa na mchanga. Na matofali yaliyoshikwa na chokaa hiyo yalikuwa na kona zake zote, kali, kama yametoka tanuri jana.

Akaeleza. Ukuta wa namna hii hunywa maji, ya mvua na yanayopanda kutoka ardhini, kisha huyatoa, na njia yake ya kuyatolea ni kiungo laini cha chokaa. Ukiziba kiungo kwa saruji, maji hayana pa kupita isipokuwa tofali lenyewe. Yanapokauka yanaacha chumvi ndani ya uso wa tofali, chumvi inavimba, uso unapasuka na kudondoka. Kiungo kinatakiwa kiwe laini kuliko tofali. Kiungo ndicho kiharibike, maana hicho unakibadilisha, tofali la karne nzima hulibadilishi.

Nilinyamaza. Mfuko mmoja wa saruji kwa toroli tatu za mchanga, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Nyumba nne za zamani nimeziziba hivyo, kwa moyo wote, nikiamini ninaziokoa. Kijana wangu alikuwa ananitazama.

Mzee mwenye nyumba akauliza kuhusu sheria. Ipo: ordonansi-sheria ya Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni, na Taasisi ya Makumbusho ya Taifa iliundwa mwaka mmoja kabla yake. Mzee akasema kwake hajaja mtu na karatasi yoyote, waliokuja ni wanunuzi wanaotaka kiwanja. Amewafukuza mara tatu. Anapaka mabati rangi mwenyewe kila kiangazi.

Tulikula bukari, yaani ugali, na samaki wa tomsoni njiani, tukashika barabara ya Likasi. Shilatembo tulichelewa kufika, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Ni mahali ambapo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Miili yao ilifukuliwa na kuharibiwa kwa asidi, kwa hiyo hakuna kaburi la kukutazamisha. Jeneza lililobeba jino la Lumumba, ambalo Ubelgiji ililirudisha Juni 2022, lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Ipo kumbukumbu, ipo miti, na upepo. Mahali kama hapo mtu anahitaji kukaa, na sisi tulipewa nusu saa kwa sababu dereva hakutaka giza limkute barabarani. Namwelewa. Lakini afadhali Shilatembo iwe na siku yake.

Na kingine nilimwambia mama usoni, kwa heshima: hatukupita Kamalondo. Mtaa huu ulianza miaka ya 1920 kwa jina la Cité Albert, Waafrika walipotengwa na mji wa wazungu kwa ukanda wa ardhi tupu. Waliofyatua matofali ya katedrali jioni walirudi kulala upande wa huku. Ziara ya historia ya Lubumbashi isiyovuka kuja kwetu imeacha mafundi nje. Alitoa daftari, akaandika, akaniomba nimtafutie wazee watatu wa kuzungumza na wageni. Wawili nimeshawapata.

Nitalipa tena, na ninawashauri mafundi wenzangu walipe. Chukueni asubuhi ya mapema, vaeni kofia, na ulizeni mapema kama ruhusa za kuingia zimepatikana.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye nyumba ya kwanza kati ya zile nne. Nilimwonyesha mama mwenye nyumba unga mwekundu chini ya ukuta, nikamwambia kazi hii ni yangu na nitaitoa bila malipo. Tunaitoa saruji taratibu, kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, kijana wangu ana mkono mwepesi kuliko mimi. Mifuko miwili ya chokaa kutoka Kakontwe imefika Jumamosi.