Ukaguzi wa vitambulisho safari za ndani, KIA na Kisongo: uzoefu wangu

Napanda ndege za ndani mara kwa mara, nyingi kutoka KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) kwenda Dar es Salaam na Mwanza, nyingine zile ndogo za Kisongo (uwanja wa Arusha). Huduma ya ukaguzi naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki imeondoka kwa sababu ya majina.

Mhudumu wa kaunta anaangalia vitu viwili tu: jina la kwenye tiketi lilingane na la kwenye kadi, na sura yako ilingane na picha. Kwa hiyo anayekwama pale, mara nyingi alishakwama siku ile tiketi ilipokatwa.

Kwenye tiketi jina la mwisho hutangulia, halafu mkwaju, halafu majina mengine yakiwa yamebanwa pamoja na cheo mwishoni: MASSAWE/NEEMAELIMRS. Hiyo MRS iliyogandana na jina isikutishe, mfumo ndivyo unavyoandika na wahudumu wanaijua. Cha kutisha ni MASAWE yenye S moja wakati kadi ina mbili, au jina la ubatini wa mume wakati NIDA (kitambulisho cha taifa) bado inasoma la baba. Makosa haya huzaliwa hivi: unamtumia wakala ujumbe wa WhatsApp, yeye anachukua jina analoliona juu ya namba yako, au lile lililotokea kwenye muamala wa simu. Kama aliyelipa ni shemeji yako, usishangae. Wengine huandika jina la nyumbani walilozoea kukuita, ambalo halipo kwenye kadi yoyote.

Dawa yake ni kusoma tiketi dakika ileile inapoingia, kadi ikiwa mkononi, herufi kwa herufi. Herufi moja au mbili kwa kawaida hurekebishika. Kubadilisha jina zima ni habari nyingine, maana tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine. Utaambiwa ukate mpya. Kama ulinunua kwa wakala, shirika litakurudisha kwake kwa sababu yeye ndiye aliyefungua nafasi hiyo, na ndege ikiwa ya alfajiri wakala atakuwa bado amelala. Usijisajili mtandaoni kwa safari (check-in) kabla ya kurekebisha, kwa kuwa ukishapata pasi ya kupandia ni lazima kwanza uondolewe kwenye orodha ndipo jina liguswe. Na kama ni kwenda na kurudi, hakikisha pande zote mbili zimebadilika.

Kuhusu kadi zenyewe: NIDA, pasipoti, leseni ya udereva na kadi ya mpiga kura zote zimenipitisha, mradi iwe kadi halisi. Picha ya kadi kwenye simu usiitegemee. NIDA yenye tarehe ya mwisho iliyopita isikuogopeshe, kwani mwaka 2023 serikali iliondoa ukomo wa matumizi wa kadi hizo. Leseni na pasipoti bado zinaisha muda. Wenye namba ya NIDA bila kadi ndio wanaohangaika. Namba ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, lakini haina sura. Kaunta moja huikubali karatasi iliyochapishwa, ya pili yake inaikataa, na zote zimo jengo moja. Hapo ndipo nyota yangu ilipokwenda.

Mtoto mchanga naye mbebee cheti cha kuzaliwa. Wa kupakatwa ni aliye chini ya miaka miwili, na cheti ndicho kinachothibitisha hilo. Akishatimiza miwili anahitaji kiti chake.

Tofauti za kaunta na kaunta zina mantiki yake. Usalama wa anga unasimamiwa na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, ila orodha ya kadi zinazokubaliwa utaikuta kwenye masharti ya shirika, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Kwingine ni vivyo hivyo: Uingereza hakuna sheria ya nchi inayodai kitambulisho kwa safari za ndani, mashirika ndiyo yanayodai. Marekani ni serikali yenyewe, na tangu tarehe 7 Mei 2025 leseni isiyofikia REAL ID, kiwango cha usalama cha vitambulisho kilichowekwa na serikali hiyo, haitoshi peke yake.

Ukiwa KIA kadi isiingie ndani ya begi. Tiketi huangaliwa mlangoni kabla ya mashine ya kwanza, kadi huombwa kaunta, na huweza kuombwa tena pamoja na pasi kabla ya ukumbi wa kusubiria. Kisongo mambo ni mafupi zaidi, ila kwenye ndege ndogo utapimwa begi na pengine wewe mwenyewe.

Jambo lingine la tiketi: angalia herufi tatu za kiwanja. JRO ni KIA, ARK ni Kisongo barabara ya Dodoma. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 50, na mfumo ukiandika "Arusha" si lazima umaanishe unakofikiria. Saa nayo husomwa kizungu: 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri.

Ukimtumia wakala picha ya NIDA, mwambie aifute tiketi ikishatoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa nguvu ya kudai hivyo.

Ukikataliwa na unaamini umeonewa, omba sababu kwa maandishi palepale kaunta, tunza tiketi, kisha lalamika kwa shirika kwanza. Wasipojibu, peleka kwa TCAA au kwa baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga lililo chini yake. Bila ile karatasi ya sababu, shirika litasema hukufika kwa wakati, na nauli itahesabiwa imepotea.