Wino mweusi wa kalamu ya kujaza: upi ununue, na uupimeje

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na hesabu zetu naziandika kwa mkono kwenye kauntabuku, kwa kalamu ya wino, ile ya kujaza kutoka kwenye kidau. Masika moja paa lilivuja usiku. Asubuhi nilifungua kurasa za hisa za miezi mitatu nikakuta wingu la bluu na zambarau, na ile mistari iliyochapwa kiwandani imebaki safi kabisa. Kwenye kidau wino ule ulikuwa mweusi tii. Tangu siku hiyo siununui wino kwa kuutazama tu.

Weusi wa wino hupatikana kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni rangi zilizoyeyuka majini: bluu, nyekundu na njano huchanganywa mpaka jicho lione nyeusi. Aina nyingi za dukani ni hizi. Ya pili ni masizi, yaani chembe za kaboni zilizosagwa laini mno, ambazo haziyeyuki bali huelea. Masizi na gundi ndio wino wa waandishi wa kale, wa Kiarabu na wa Kichina, na maandishi yao bado yanasomeka. Pwani tunao pia wino wa kinyume chake: zafarani ya kombe, inayoandikwa kwenye sahani ili ioshwe na kunywewa. Huo umetengenezwa utoke. Tatizo ni pale daftari la hisa linapoandikwa kwa wino wenye tabia ya kombe.

Sasa vipimo. Tumia karatasi unayoandikia kila siku, usitumie karatasi nzito ya dukani ambayo hata wino mbovu unaipendeza. Andika sentensi moja mara nne au tano. Kwanza tazama kingo za herufi: wino ukitambaa kwenye nyuzi za karatasi kama mizizi ya mchicha, karatasi hiyo na wino huo haviendani. Geuza ukurasa uone kama upande wa pili bado unaandikika. Kisha hesabu hadi tano, pitisha kidole gumba. Hesabu hadi ishirini, pitisha tena. Anayeandika kwa mkono wa kushoto asiruke kipimo hiki.

Siku ya pili, weka tone la maji juu ya neno moja, liache dakika nzima, kisha likaushe kwa tishu bila kusugua. Jiulize swali moja: je, neno linasomeka? Kufifia kidogo hakuna neno. Kilichoniangusha mimi ni kwamba hata jina la mwenye hisa halikuonekana.

Kingine kizuri ni tone la wino katikati ya tishu nyeupe, halafu maji, tone moja moja pembezoni mwake. Wino wa rangi zilizochanganywa hufunguka mbele ya macho yako: bluu inakimbilia nje, zambarau inafuata, wakati mwingine na njano au kahawia. Wa masizi hubakia doa jeusi pale pale. Rangi hizo pia hazichakai kwa mwendo mmoja, ndiyo maana maandishi ya zamani huishia kuwa ya kijani au ya udongo. Ukiwa na subira, bandika ukurasa dirishani panapopigwa na jua, nusu umeifunika kwa kadibodi, uuache mwezi mmoja.

Nafasi ya kwanza naipa Noodler's Black ya Marekani. Si masizi. Ni rangi inayoshikana na selulosi, yaani nyuzi zenyewe za karatasi, kwa hiyo ikishaingia humo, maji hayaitoi. Kwenye kauntabuku ya kawaida hautambai, na hilo ndilo lililonishinda kwa wino nyingi za bei kubwa zaidi. Una kasoro zake. Kwenye karatasi laini ya kung'aa unabaki juu na unaweza kupakaza hata kesho yake. Na kwa kuwa pamba nayo ni selulosi, ukidondokea kanzu au shati la pamba, sahau. Chupa yake, karibu mililita 90, huja imejaa mpaka mdomoni. Ifungulie kwenye sinki.

Ya pili ni Platinum Carbon Black ya Japani, chupa ya mililita 60, na pembeni yake naiweka Sailor Kiwaguro, ya Japani pia, mililita 50. Hizi ni kaboni kweli. Jua haziliogopi, maji hayazitingishi, na wachoraji hupaka rangi za maji juu ya mistari yake bila wasiwasi. Ningezipa nafasi ya kwanza kama kila mtu angekuwa anaandika kila siku na kuosha kalamu yake. Masizi yakikaukia ndani ya koo la kalamu hayatoki kwa urahisi, na joto letu huharakisha mkauko. Zitumie kwenye kalamu yenye kofia inayobana hewa, kama Preppy ya Platinum hao hao, ambayo ni ya bei ya chini, na uioshe kwa maji kila unapotaka kujaza tena.

Ya tatu, Aurora Black ya Torino, Italia. Kwa weusi mtupu na ulaini wa nibu, yaani ncha ya kalamu, kuteleza, naipenda kuliko zote. Maji yanaichukua. Iwe ya barua na shajara.

Ya nne ni Pelikan 4001 Brilliant Black ya Ujerumani. Ni wino mkavu, hautiririki sana, kwa hiyo ni dawa ya kalamu inayomwaga. Kalamu yako ikiwa tayari inakwaruza, usiununue.

Ya tano, Quink ya Parker, iliyoingia sokoni 1931. Nimeiweka mwisho lakini siidharau: haileti balaa kwenye kalamu, huoshwa kirahisi, na ndiyo ningempa anayeanza leo. Lakini inavyotoka kirahisi kwenye kalamu ndivyo inavyotoka kwenye ukurasa. Hati ya kiwanja au daftari la fedha usiliandikie.

Kuna wino ambao hautakiwi kabisa kwenye kalamu ya kujaza, hata muuzaji akiapa: wino mweusi wa kuchorea wenye gundi ya shelaki, ule wa kuchovya. Ukikauka ndani, kalamu imekwisha. Wino wa mhuri na wa printa nao uwaachie wenyewe.

Ukipata kidau dukani, angalia kwanza kama lakiri haijakatwa. Kama kimefunguliwa, kiinamishe taratibu kwenye mwanga. Utando ukielea juu, au harufu ya uozo ikikupiga puani, kirudishe hapo hapo. Ukungu ukiingia kwenye kalamu, utaubeba mpaka kwenye vidau vyako vingine vyote.