Uzoefu wangu: kupimwa neva za miguu ukiwa na mwili mkubwa

Miguu ilikuwa inaniwaka moto usiku na vidole vina ganzi, daktari akaniandikia kipimo cha neva, yaani mishipa ya fahamu. Nawaandikia hasa wenye uzito mkubwa kama mimi, kwa sababu majibu yetu husomwa vibaya kirahisi.

Unabandikwa elektrodi, kibandiko kinachonasa umeme wa neva, nyuma ya kifundo cha nje cha mguu, kisha unapigwa shoti fupi fupi kwenye kigimbi, kama sentimita 14 juu ya elektrodi hiyo. Hapo inapimwa neva ya surali, neva ya hisia pekee. Mashine huonyesha kasi ya umeme na ukubwa wa wimbi linalofika. Wimbi lenyewe ni dogo mno, huhesabiwa kwa maikrovolti, na kwetu linapita kwanza kwenye tabaka nene la mafuta linalolififisha kabla halijafika kwenye ngozi. Neva inaweza kuwa nzima kabisa, ila inasikika kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Kasi kwa kawaida haibadilishwi na uzito. Kinachoipunguza ni urefu wa mtu na ubaridi wa ngozi.

Aliyenipima namsifu kwa dhati. Alinipima uzito na urefu, akanipasha miguu joto, maana ngozi ikiwa chini ya nyuzi joto 32 kasi hushuka bila ugonjwa wowote. Wimbi la kwanza lilitoka dogo, naye hakukimbilia kuandika kwamba neva imeharibika. Aliongeza nguvu ya shoti, akarudia mara nyingi mashine ipate wastani, akahamia mguu wa pili.

Shoti ya nyuma ya goti ndiyo iliyouma. Neva ya tibia, inayoendesha misuli ya kigimbi na unyayo, imezama pale, na kwa mtu mnene inadai umeme mwingi zaidi. Isipofikiwa yote, wimbi la misuli hushuka na msomaji mzembe atadhani neva imeziba njiani.

Majibu: kasi nzuri, wimbi la surali dogo pande zote mbili. Ripoti ilisema wazi kwamba huenda ni uzito, lakini haikuyapuuza maumivu yangu: ilishauri nipimwe sukari, kwani kipimo hiki hakizioni nyuzi nyembamba za neva, zile za maumivu na joto.

Kasoro moja: hakuna aliyeniambia nisipake losheni siku ile, ikabidi ngozi isuguliwe sana ndipo elektrodi zishike. Ninyi msipake. Na kabla hamjalala kitandani, ulizeni kama uzito na urefu wenu vitaandikwa kwenye ripoti.