Siku 14 za matone ya masikio: dawa naisifu, chupa hapana

Niseme mapema kwamba dawa imefanya kazi. Ninacholalamikia ni chupa yake, na ile karatasi ya maelezo iliyoandikwa kana kwamba duniani wapo mbwa na paka tu.

Sungura wangu, Kibonge, ni wa ile aina ya masikio yaliyolala. Wanapendeza kweli, lakini masikio hayo yana gharama yake: mfereji wa sikio umekunjika pale chini na ni mwembamba kuliko wa sungura wenye masikio yaliyosimama, kwa hiyo nta hujikusanya na kukosa pa kutokea. Alianza kwa kujikuna sikio la kushoto kwa mguu wa nyuma, kisha akawa anatikisa kichwa, mpaka siku moja nilipomwinamia nikasikia harufu kama ya soksi iliyosahaulika kwenye maji. Nilidhani ni utitiri. Daktari wa mifugo akachukua uchafu kidogo, akautazama kwa hadubini, hakuona mdudu hata mmoja. Ulikuwa uambukizo wa bakteria.

Nashukuru sikujifanya daktari. Nyumbani nilikuwa na matone ya mbwa yaliyobaki, na nilikaribia kabisa kuyatumia. Kumbe yana steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, na mwili wa sungura huathirika vibaya na steroidi, hata kinga yake hushuka. Jambo jingine nisilolijua: kabla ya kuandika dawa, daktari alichungulia kwanza kama kiwambo cha sikio ni kizima. Kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa hupenya hadi ndani na kuharibu usikivu, au kumfanya mnyama apoteze mizani na kupinda kichwa.

Nikapewa chupa: matone matatu, asubuhi na jioni, siku 14.

Siku ya kwanza niliambulia mikwaruzo. Nilimpakata mapajani, nikamwinua sikio, na kabla sijaifikisha chupa alikuwa amenisukuma kwa miguu ya nyuma na kuruka. Baadaye ndipo nikaelezwa nilivyocheza na hatari. Mgongo wa sungura ni mwepesi ukilinganisha na nguvu za miguu yake. Akipiga teke huku ameshikwa vibaya, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Jioni yake nikajaribu kumlaza chali, kama nilivyoona kwenye video, na kweli akatulia tuli. Nilipomsimulia daktari akatikisa kichwa. Utulivu ule ni woga: mnyama anajifanya mfu mbele ya anayedhani atamla. Sijarudia.

Kilichofaa ni sakafu. Napiga magoti, naachanisha visigino, namweka katikati, makalio yake yakinielekea mimi ili asiwe na njia ya kurudi nyuma. Taulo namzungushia kuanzia kifuani, nakaza kiasi cha kumzuia kuchomoa miguu ya mbele, lakini si kiasi cha kumbana pumzi. Mkono wa kushoto unainua sikio na kulinyoosha taratibu, wa kulia unashika dawa. Kufikia siku ya nne zoezi zima lilikuwa halifiki dakika mbili.

Sasa chupa. Plastiki yake ni ngumu mno. Unaminya, hakuna kitu; unaongeza nguvu, hakuna kitu; unaongeza kidogo tu, yanamwagika matone manane kwa mpigo. Mdomo wake nao ni mrefu na mgumu, na kwa mfereji mwembamba kama wa Kibonge nilikuwa na hofu ya kumchoma akishtuka. Nilipiga simu kwa daktari nikalalamika, akanipa bomba dogo la mililita moja, lisilo na sindano, akaniwekea alama ya mahali pa kuishia. Kuanzia hapo nikawa najua nimempa kiasi gani. Mtengenezaji angetia kitu kama hicho ndani ya boksi, nusu ya malalamiko yangu isingekuwepo.

Karatasi haisemi pia kuhusu ubaridi. Kimiminika cha baridi kikiingia ndani ya sikio huleta kizunguzungu, na Kibonge siku ya pili aliyumba kidogo nikadhani nimemdhuru. Sasa naifumbata chupa kiganjani dakika chache kabla ya kuanza. Dawa ikishaingia nasugua taratibu shina la sikio, kwa nje, hadi nisikie ile chwapu-chwapu inayoonyesha kuwa imeshuka. Kisha namwachia atikise kichwa. Funga mdomo wakati huo. Mimi nilijifunza kwa kuionja.

Kinachotoka juu nakifuta kwa kitambaa laini. Pamba za vijiti sizitumii, zinasukuma uchafu ndani zaidi. Usaha wa sungura ni mzito, unakaribia jibini laini, hautiririki kama wa wanyama wengine, kwa hiyo ukiusukuma chini umejifungia tatizo.

Dawa yenyewe ina mafuta na manyoya ya shavuni yaligandamana kwa wiki mbili nzima. Hilo ningelivumilia, ila sungura huosha masikio kwa mikono kisha hulamba mikono. Tena ninaye jike anayeishi naye, na yeye kazi yake kubwa maishani ni kumlamba mwenzake. Ilibidi niwatenge kwa nusu saa kila baada ya dawa, nikimshughulisha Kibonge kwa kumpapasa kichwa na kumwekea majani makavu mbele yake. Alikula kila mara, na hicho ndicho nilichokuwa nakiangalia kuliko sikio. Sungura akikataa kula kwa nusu siku, utumbo wake unaweza kusimama, na hapo hungoji kesho, unamrudisha kwa daktari.

Harufu iliisha siku ya tano. Siku ya tisa hakuwa anajikuna tena, nami nikapata kishawishi cha kuacha, sikuacha. Siku ya 14 daktari alichungulia akasema mfereji ni mweupe na safi, ila kwa masikio yale tatizo linaweza kurudi, kwa hiyo kila wiki nainua sikio, nanusa, na kubonyeza shina lake nione kama anashtuka.

Dawa naipa nyota tano. Chupa naipa moja, na hiyo moja ni ya kifuniko ambacho angalau hakivuji. Maelezo nayapa mbili, kwa sababu mchoro wa mbwa ulinisaidia kujua kusugua ni wapi. Nikiandikiwa tena nitaichukua dawa hiyo hiyo, ila bomba nitaliomba papo hapo kabla sijatoka mlangoni, na chupa sitaiweka kwenye droo ileile. Sasa hivi nikiifungua droo hiyo hata kutafuta mkasi, Kibonge anapiga mguu chini, pa! na jike naye anamfuata chini ya kitanda bila kujua kosa lake ni nini.